Kwa Nini Uwanja Wetu Uko Shimoni

Uwanja wetu wa kikapu hapa chuoni, ukitaka kuingia, unashuka. Sijawahi kusikia uwanja mwingine wa namna hiyo, na mimi nimesikia mengi, maana nimelala kambi za machimbo ambako kila mtu anakuja na uongo wa kwao. Unatoka Kambarage, hapa Shinyanga, unauacha mji kidogo, unaona paa kubwa la bati la bluu limekaa chinichini kama kuku anayeatamia. Wageni wakifika wanacheka. "Huu ndio uwanja mkubwa mliotuambia? Mbona kama ghala la pamba?" Halafu wanafungua mlango, mguu wa kwanza unatafuta sakafu, sakafu haipo. Ipo huko chini, ngazi ishirini na saba, inang'aa kama sahani ya harusi.

Hizo ngazi nazijua idadi kwa sababu nazifagia mimi. Kuna timu moja ilikuja kutoka mkoa wa mbali, vijana warefu mpaka mlangoni wanainama mara mbili. Mmoja wao alifika ngazi ya kumi akakaa chini, akasema dunia inazunguka. Mechi ikachezwa, ikaisha, tukawafunga, yeye bado amekaa pale pale ngazi ya kumi ameshika bomba la ngazi. Mimi ndiye niliyemtoa. Nilimtoa kwa kumfagilia pembeni.

Kila mgeni anauliza, kwa nini chini? Walimu wana jibu lao, limeandikwa kwenye kibao pale mlangoni: kwamba injinia aliona mbali, kwamba huko chini kuna ubaridi, kwamba ni ubunifu. Mimi nilikuwa na majibu yangu, kila mgeni na lake. Nimewaambia watu hapa palikuwa bwawa la viboko. Nimewaambia ilianguka nyota. Mama mmoja aliyekuja kumtembelea mwanae nilimwambia uwanja ulijengwa juu kama viwanja vyote, ukazama wenyewe kwa kelele za mashabiki. Akaniamini, akatoka nje upesi.

Ukweli nitausema leo mara moja, maana sijauzoea, nisije nikaumia.

Nilitoka Bulyanhulu baada ya miaka kumi na moja ya kushuka kwenye maduara, yale mashimo yetu sisi wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wenzangu walirudi na pikipiki, wengine na mabati ya kuezekea. Mimi nilirudi na kikohozi na godoro. Mke wangu akanitazama pale mlangoni, halafu akatazama nyuma yangu, barabarani, kama vile kuna lori linafuata.

"Mizigo mingine inakuja?"

"Yaya, hapana," nikamjibu. "Ni mimi tu."

"Basi ingia, wewe mzigo."

Alisema kwa utani, na tukacheka wote. Lakini lile jicho lake lililoruka bega langu kwenda kutafuta lori, lile sikulisahau.

Nikapata kibarua cha kuchimba msingi. Chuo kilikuwa kinajenga ukumbi wa mpira wa kikapu, ukumbi wa kawaida tu, sakafu juu ya ardhi kama sakafu za watu wenye akili, viti safu nne kila upande. Injinia alikuwa kijana wa pwani, kofia nyeupe, buti ambazo hazijawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe. Akatunyooshea kamba: chimbeni mtaro hapa na hapa, kina cha kiuno, basi. Msimamizi wetu, tukimwita fomani, alikuwa Msukuma mtu mzima, mpole mpaka akikukaripia unasema asante.

Siku ya tatu sururu yangu ikagonga jiwe. Jeupe, lina mishipa ya kutu. Mtu aliyesoma angesema "jiwe" akalitupa. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na mwalimu siku hiyo alitoa machozi, ya furaha. Lakini chuo cha maduara nilikimaliza, na kule somo lilikuwa moja tu: jeupe lenye kutu, funga mdomo.

Nikajifanya tumbo linauma. Nikaenda nyuma ya kibanda cha mama lishe, nikaliponda lile jiwe kwa nati ya gurudumu la lori, unga wake nikauosha kwenye sahani ya bati, kuzungusha na kumwaga, kuzungusha na kumwaga, mpaka chini ya sahani ukabaki mkia wa njano. Unang'aa, bwana! Niliona uso wangu mle ndani, na uso wenyewe ulikuwa umenenepa.

Mama lishe akanikuta nimechuchumaa.

"We baba, sahani yangu ya wali unaifanyia nini?"

"Nakusaidia kuosha."

"Tangu lini mwanaume wa huku akaosha chombo?"

Nilimwambia mtu mmoja tu. Msumbwa wa Ushirombo niliyekuwa nachimba naye bega kwa bega, mtu wa kanisani, hakosi misa. "Nikimwambia mtu, nife," akaapa, akachora msalaba kuanzia kipaji cha uso mpaka kwenye mkanda. Hajafa mpaka leo. Juzi nimeonana naye, kanenepa. Kufika saa sita mchana vibarua wote arobaini walikuwa wanajua, na nadhani hata mbuzi wa jirani alikuwa anajua, maana alikuja akasimama ukingoni anatazama tu, hali majani.

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza. Jamani, kazi! Hakuna aliyeomba maji, hakuna aliyekwenda kula. Mtu aliyekuwa analalamika mgongo tangu Jumatatu alikuwa anarusha udongo mpaka unapita juu ya mti. Injinia alisimama ametoa kofia, macho yanamlengalenga.

"Nimefanya kazi na watu wengi," akamwambia fomani, "lakini hawa, sijawahi kuona."

"Wanapenda sana michezo," fomani akajibu. Na fomani naye alikuwa ameshaficha viroba vyake viwili.

Kwa bahati, au kwa mkosi, saruji ikakwama Mwanza, injinia akaifuata. Alikaa huko siku nane. Mungu aliumba dunia kwa siku sita akapumzika. Sisi siku nane, na hatukupumzika.

Mshipa wa jiwe ulishuka, tukashuka nao. Ulikata kushoto, tukakata kushoto. Ulipotupotea tukapanua pande zote, kama mtu aliyedondosha shilingi kwenye majani. Mbao zilizoletwa kwa ajili ya zege tukazifanya matimba, yaani nguzo za kuzuia kuta zisituangukie, maana sisi tulikuwa mafundi, hatukuwa wahuni. Viroba vya mawe vikaondoka kwa baiskeli, vimefunikwa majani ya viazi, kwenda kuoshwa mtoni. Barabara nzima watu wakashangaa viazi mwaka ule vilivyo vizito. Siku ya nane shimo lilikuwa shimo hasa. Ukimwita mtu aliye chini leo, anaitika kesho.

Siku hiyo hiyo ya nane wakanichagua mimi, kama mgunduzi, nipeleke mali ikapimwe. Nikatembea kwenda mjini kama mtu mwenye nazo. Rangi ya gari nilikuwa nimeshachagua. Nilipita mbele ya nyumba ya wakwe zangu nikawapungia vidole viwili, bila kusimama, mimi ambaye siku zote nilikuwa napita hapo nimeinama kama naokota kitu.

Mpimaji wetu alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vyuma na misumari. Babu yake alizaliwa hapa hapa, na Kisukuma chake kimenyooka kuliko changu.

"Mwangaluka," akanisalimu.

"Mwangaluka, mzee," nikamjibu, nikaweka kifuko juu ya meza kwa mbwembwe.

Akamwaga kidogo kwenye kigae. Akatazama kile kitu. Akanitazama mimi. Akawasha moto wa gesi, akakielekezea. Moshi ukapanda, na harufu ikaja.

"Unasikia harufu gani?"

"Yai bovu," nikasema.

"Dhahabu hainuki, ndugu yangu." Akazima moto. "Umekaa machimboni miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

Hakucheka. Bora angecheka. Alinisogezea kiti, akaniletea soda ya baridi. Mtu ambaye misumari anakupimia mpaka ule wa mwisho, akupe soda ya bure! Hapo ndipo nilipojua msiba wangu ni mkubwa.

Na lile jiwe nalijua! Kila mchimbaji analijua wiki ya kwanza, jiwe la kudanganyia wageni, linang'aa kuliko dhahabu yenyewe. Watoto wa machimbo wanalichezea. Mimi mwenyewe nimewacheka watu wazima kwa jiwe hilo. Lakini siku ile hayakuwa macho yangu yaliyotazama kwenye sahani. Lilikuwa lile jicho la mke wangu, linatafuta lori.

Nikarudi. Wale arobaini waliona mwendo wangu kuanzia mbali, hakuna aliyeuliza. Ni yule Msumbwa tu.

"Hata kidogo?"

"Inanuka yai."

Wakakaa chini, mmoja mmoja, mle shimoni. Na kabla hatujajua tufanye nini, gari la injinia likasimama juu.

Alikuja mpaka ukingoni. Akatazama chini. Akavua kofia, akakaa, miguu inaning'inia. Aliondoka akiwa ameacha mtaro wa kiuno, amerudi amekuta mahali ambapo ungeweza kuzika tembo na ndugu zake wote.

"Hii nini?" akauliza, taratibu kabisa.

Wanaume arobaini wakaanza kukagua vidole vyao vya miguu. Ni fomani aliyetuokoa. Alijikohoza, akasema kwa ule upole wake:

"Mkuu, tulikuta udongo mbaya. Ule mweusi wa mbugani, unaovimba. Tukasema hapana, jengo la watoto wetu halikai juu ya udongo huu. Tukaufuata mpaka ulipoishia."

"Bila kuniuliza?"

"Simu ilikuwa haishiki, mkuu."

Uongo ulikuwa mzuri mpaka na mimi nikauamini. Nikamwonea huruma fomani kwa jinsi alivyolipenda jengo.

Injinia akashuka na nyundo, akagonga mwamba kule chini, akausikiliza. Akajifungia siku tatu na michoro yake. Kufukia lile shimo chuo kisingeweza, na mwamba wa chini ulikuwa imara kuliko alioutarajia juu. Basi akageuza kila kitu. Sakafu ikawekwa kule kule tulikoishia, viti vikapangwa kwenye miteremko tuliyoichimba kwa tamaa, na kwa kuwa tamaa yetu haikuwa ndogo, safu nne zikawa safu kumi na nane. Ndio hivyo tukapata uwanja mkubwa. Hakuna aliyeupanga.

Mvua ya kwanza ikajaa mpaka magotini. Mechi ya ufunguzi ilichezwa na vyura, na nakwambia walikuwa wanaruka vizuri. Chuo kikatafuta mtu anayejua kuvuta maji kutoka shimoni kwa pampu. Nikanyoosha mkono. Ndiyo kazi yangu mpaka leo, pampu na ufagio. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba wengine wanaingia na mshahara.

Sasa, nina binti. Mwaka ule wa shimo alikuwa na miaka minane. Jioni moja akaniuliza, "Baba, kule unafanya kazi gani?" Ningemwambiaje? Nikauchukua ule uongo wa fomani nikauvaa kama shati la kuazima. Nikamwambia injinia alikuwa hajui kitu, mimi ndiye niliyeonja udongo nikamwambia, mkuu, hapa pabaya, chimba. Kwamba ule uwanja ni akili yangu. Akafungua macho, makubwa hivi. Nikanogewa. Wiki ile ile nikamwongezea na habari ya simba, jinsi nilivyokutana naye natoka Ushirombo kwa miguu nikamuua kwa pigo moja la koleo. Vyote viwili akavimeza.

Mtoto akakua. Akarefuka, kwa upande wa mama yake, maana upande wangu tunaota kwenda pembeni. Akaingia chuo hiki hiki, akacheza kikapu kwenye uwanja huu huu. Halafu mwaka huu chuo kikaandaa sherehe ya uwanja, na kikataka historia yake isomwe mbele ya watu. Wakampa kazi hiyo binti yangu. Mgeni wa heshima: yule injinia, ambaye sasa ni mkubwa mwenye tumbo na dereva.

Nilijua hilo siku alipokuja nyumbani anacheka. "Baba, nimeshaandika. Na wewe umo!"

Nilihisi yai bovu.

Fikiria. Mtoto asimame mbele ya chuo kizima, aseme baba yangu alimfundisha kazi injinia, na injinia huyo hapo, safu ya mbele, anajua wazi kwamba hakufundishwa na mtu. Watamcheka mpaka ahame mkoa. Na mimi nikimwambia ukweli, basi yale macho makubwa ya miaka minane nimeyapoteza. Nikaona nitafute njia ya tatu, ya kiume, yaani ya uoga.

Kwanza niliifua suruali yake yenye ile karatasi mfukoni. Niliisugua mpaka mfuko ukatoboka. Yeye akashukuru kwa kufuliwa, akasema karatasi si kitu, maneno yote yamo kwenye simu. Siku hizi maneno yanakaa kwenye simu, unafua bure.

Pili nikafikiria niharibu pampu, ukumbi ujae maji, sherehe ife. Nikailegeza ile pampu vizuri kabisa. Halafu nikakumbuka ni kiangazi. Shinyanga, kiangazi! Hata chura angekuja na maji yake kwenye chupa.

Zilipobaki siku mbili, mchana, nilikuwa napiga deki ngazi za juu. Yeye alikuwa kule chini katikati ya uwanja, peke yake, mpira kwapani, anajifunza kusoma. Ule uwanja una mwangwi. Ukisema neno linakwenda linarudi na wenzake.

"Alikuwepo mtu mmoja ambaye hakusoma," akasoma, "lakini aliujua udongo kuliko wenye shahada. Mtu huyo ni baba yangu."

Baba yangu, ukuta ukasema. Baba yangu, baba yangu.

Nikashuka na ndoo yangu. Sikuwa nimepanga, miguu ilishuka yenyewe. Nikamwambia yote. Jiwe, sahani, yai, fomani. Yeye kila nikimaliza jambo anaudunda mpira mara moja. Dum.

"Kwa hiyo injinia hukumwambia kitu."

"Mimi kuongea na injinia? Nilikuwa namwogopa hata kofia yake."

Dum.

"Na yeye alijua mlikuwa mnatafuta nini?"

"Alijua shimo. Sababu alipewa na fomani."

Dum.

"Kwa hiyo kile kibao cha mlangoni ni uongo. Fomani uongo. Na wewe uongo."

"Wa fomani ndio ulikuwa chini, mama. Sisi wengine tukaujengea juu."

Hakucheka. "Timu nzima nimewaambia, baba. Tangu mwaka wa kwanza. Wanakuamkia shikamoo kwa ajili ya hiyo habari."

Nilikuwa nadhani wananiamkia kwa sababu ya mvi.

Akaokota simu yake akapanda ngazi zote ishirini na saba bila kushika bomba. Siku mbili nyumbani alikula amenipa mgongo. Mke wangu akauliza kuna nini, nikasema mtoto ana mawazo ya mechi. Mke wangu akatazama nyuma ya bega langu, kwa mazoea tu.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi zangu nilizozifagia tangu alfajiri. Injinia aliingia, akanipita pale mlangoni, akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo mzee." Nikaitika "Marahaba" kwa sauti ya chawa. Hakunikumbuka, zamani nilikuwa mwembamba na rangi ya vumbi. Nikasimama juu kabisa, karibu na mlango wa kutokea, ufagio mkononi. Hatua mbili tu niko nje. Nilikuwa nimezipima.

Binti yangu akasimama kule chini na kipaza sauti. Akaanza bila karatasi, bila simu.

"Uwanja huu haukuanza kama ubunifu," akasema. "Ulianza kama rashi, zile mbio za kukimbilia dhahabu. Ulichimbwa na vibarua arobaini kwa siku nane, injinia akiwa safarini. Mtu mmoja aliona jiwe linang'aa. Dhahabu haikuwepo hata punje. Injinia aliporudi aliambiwa ni udongo mbaya. Hakukuwa na udongo mbaya."

 Mkuu wa chuo aliyekaa mbele alikuwa anatabasamu, na lile tabasamu likaganda usoni kama mafuta ya ng'ombe asubuhi. Mimi nikaona sasa kitu ambacho kwa ujinga wangu sikukiona: mtoto hakuwa amenianika mimi. Mimi alisema "mtu mmoja" tu, hakunitaja. Aliyeanikwa ni injinia na kibao chake, na aliyesimama peke yake na kipaza sauti mbele yao ni yeye, mwanangu.

Injinia akainuka. Polepole, kwa ajili ya lile tumbo. Akaenda akakiomba kipaza sauti.

"Miaka yote hii," akasema, "nimealikwa miji mingi kueleza nilivyoubuni uwanja wa shimoni. Nimeeleza kwa michoro, watu wamenipigia makofi. Ile siku niliporudi kutoka Mwanza, vibarua walipoondoka, nilikaa ukingoni pale nikampigia simu mama yangu. Nikamwambia, mama, kazi imenishinda, narudi nyumbani. Udongo nilioambiwa ni mbaya niliupima. Ulikuwa udongo mzuri tu. Nikaona bora ninyamaze." Akawageukia watu. "Nimesubiri kujua mle shimoni walikuwa wanatafuta nini. Huyo mtu mmoja yuko hai?"

Watu wakaanza kuangaliana. Binti yangu hakunitazama. Hilo nataka lijulikane. Alitazama sakafu, makusudi kabisa, akaniachia mlango wangu na hatua zangu mbili.

Ufagio ukapanda. Nasema ufagio kwa sababu mkono nisingeuweza. Watu wa ngazi za juu wakageuka, halafu wa katikati, halafu wote.

"Ni wewe?" injinia akapaza sauti.

"Ni mimi, mkuu."

"Shuka."

Ngazi ishirini na saba. Siku ile zilikuwa mia nne. Nilipofika chini, injinia akanitazama toka kichwani mpaka kwenye ndala.

"Mlikuwa mnataka kwenda mpaka wapi?"

"Mpaka itakapotokea, mkuu."

Kile kicheko, kama uwanja ungekuwa juu ya ardhi, paa lingeondoka. Injinia alicheka mpaka akashika meza. "Na kama ingetokea?"

"Kama ingetokea, mkuu, wewe ungekuwa bado Mwanza unatafuta saruji, na mimi ndiye ningekuwa na hilo tumbo."

Wakapiga makofi, wakapiga miguu, mkuu wa chuo naye tabasamu lake likayeyuka akacheka kama watu. Mechi ikachezwa. Binti yangu alikosa mitupo mitatu ya kwanza, wa nne ukaingia, halafu akawa hashikiki. Wiki iliyofuata kibao cha mlangoni kiliondolewa. Kipya bado hakijaja, wanabishana waandikeje. Mimi nimewaambia waandike tu "Angalia ngazi."

Jioni ile ya sherehe, watu walipokwisha kuondoka, nilianza kufagia maganda ya karanga. Nikasikia ufagio mwingine. Alikuwa yeye, bado na jezi, anafagia kutoka chini kuja juu, ambavyo sivyo, lakini siku ile nani angemrekebisha? Tukakutana ngazi ya kumi, pale alipokaa yule mgeni wa kizunguzungu.

"Baba."

"Naam, mama."

"Na ile ya simba?"

Nikafagia ngazi moja vizuri sana.

"Ile ya simba ni kweli," nikasema.

"Baba."

"Alikuwa fisi. Lakini fisi mkubwa, wa kutisha."

Akaegemea ufagio wake, akasubiri. Ana subira ya mama yake.

"Alikuwa mbwa wa fomani," nikasema. "Na sikumuua. Nilimpiga koleo, nikamkosa, nikakimbia."

"Alikukimbiza mpaka wapi?"

"Hakunikimbiza, mwanangu. Alikuwa amefungwa kamba."